Nani aliyemfungulia mlango? Mgeni katika filamu za kutisha za Korea

Swali: *Juzi tulikaa sebuleni familia nzima tukaangalia The Wailing. Mzee wa Kijapani anahamia kijijini, watu wanaanza kuuana, mwishoni anageuka shetani mwenye macho mekundu. Shida ni kwamba mdogo wangu amepata ufadhili wa kusoma Busan, na sasa mama anasema mtoto wake haendi kwa watu wanaoona kila mgeni ni shetani. Naomba unieleze: je, filamu za kutisha za Korea zinafundisha kuchukia wageni? Na yule mzee alikuwa shetani tangu mwanzo, au ni wao waliomgeuza? (Msomaji, Tanga)*

Jibu:

Mama mwambie amwache mwanawe aende tu. Sababu nitazitoa huko chini, kwa sasa tushughulike na filamu, maana swali lako la mwisho ndilo linalowagombanisha watazamaji hadi leo.

Hofu ya mtu wa kuja imejaa tele katika sinema ya kutisha ya Korea, hilo silipingi. Lakini fuatilia lawama inaishia kwa nani. Mara nyingi utakuta pembeni ya mgeni amesimama mwenyeji aliyemfungulia mlango, aliyepokea malipo, au aliyeona akanyamaza. Filamu nzuri humtumia mgeni kama chambo: sisi na wahusika tunamkodolea macho yeye, huku wa ndani akipita nyuma yetu. Zile dhaifu zinaishia kwenye chambo.

Tuanze na hiyo mliyoiona, na kwa kuwa mmeshaimaliza sitaficha kitu. The Wailing ni ya mwongozaji Na Hong-jin, ilitoka mwaka 2016, na jina lake la Kikorea ni Gokseong, ambayo ni wilaya ya kweli katika mkoa wa Jeolla Kusini. Picha ya kwanza kabisa ni ya mzee kando ya mto akitunga chambo kwenye ndoana. Dakika nyingi baadaye mganga anamwambia polisi Jong-goo kwamba yule anavua tu, hata mwenyewe hajui atanasa nini. Binti yako kameza chambo, basi. Wengi husikia maneno hayo kama maelezo ya kwa nini mtoto anaumwa. Mimi nayasikia pia kama onyo kwetu tulioketi mbele ya skrini.

Jiulize, habari za ubaya wa yule mzee mlizipata wapi? Rudini kwenye saa ya kwanza. Mwenzake Jong-goo anamsimulia kituoni kwamba kuna mtu alimwona Mjapani porini, nusu uchi, akila swala mbichi, macho mekundu. Ni maneno ya mtu aliyesikia kwa mtu. Lakini Na Hong-jin hatuachii tusikie tu, anatuonyesha: msitu, damu, macho, vyote vimepigwa picha kana kwamba tulikuwepo. Filamu ikishakuonyesha kitu, akili yako inakiweka kwenye fungu la yaliyotokea. Umbea umegeuka ushahidi bila mtu yeyote kuapa. Wakati huohuo wakubwa wanatangaza kwamba watu wanapagawa kwa sababu ya uyoga wenye sumu kwenye dawa ya nguvu, na hakuna anayewaamini, hata mtazamaji, kwa sababu uyoga hautishi.

Halafu mwangalieni Jong-goo mwenyewe. Kwak Do-won anamcheza kama baba mwema, mzito, mwoga. Asubuhi ya mauaji ya kwanza simu inalia, mama mkwe anamwambia ale kwanza, naye anakaa anakula. Mtu huyo huyo, binti yake akianza kuumwa, anavunja nyumba ya mzee, anamuua mbwa wake, anampa siku tatu aondoke. Baadaye anakusanya rafiki zake na mapanga na magongo, wanamwinda msituni. Hapo kuna picha fupi ambayo wengi wanaisahau kwa sababu haiendani na hadithi wanayoitaka: mzee amejibanza ukingoni mwa jabali, amelowa, analia. Dakika chache baadaye gari lao linamgonga, na wao, wanaume watu wazima, mmoja wao polisi, wanautupa mwili wake nje ya barabara na kuondoka.

Kwa hiyo usiku wa mwisho, Jong-goo anapomuuliza mwanamke wa ajabu wa nguo nyeupe anayejitokeza kijijini kwa nini mambo haya yamempata binti yake, jibu linamgonga usoni: kwa sababu baba yake amefanya dhambi. Alimshuku mtu, akataka kumuua, mwishowe akamuua. Jong-goo anapiga kelele kwamba mtoto aliugua kwanza, kabla hajafanya lolote. Yupo sahihi. Filamu imeyapanga matukio makusudi ili jibu hilo lisikae vizuri, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi, maana inakataa kutupa hesabu inayofunga.

Sasa yule mganga, Il-gwang. Ameitwa na mama mkwe, analipwa vizuri, anakuja na gari zuri na vijana wa kupiga ngoma. Usiku wa kafara kuu tunaonyeshwa sehemu mbili kwa kupishana: huku Il-gwang akipigilia misumari kwenye nguzo, kule mzee na kuku wake weusi, na mtoto akigalagala kitandani. Kila mtazamaji anaamini anaona mganga akipigana na mchawi. Rudia kuitazama ukishajua mwisho. Il-gwang anapopigilia, anayelia ni mtoto. Na kuna jambo dogo sana, la nguo: Il-gwang akibadilisha mavazi anaonekana amevaa kitambaa cha kiunoni cha Kijapani, kilekile cha yule mzee. Mwishoni sanduku lake linaanguka na kumwaga picha za marehemu. Walikuwa kazi moja. Aliyeletwa kuilinda nyumba, Mkorea, kwa mwaliko wa familia na kwa fedha za familia, ndiye aliyeifungua.

Tukija kwenye swali lako: alikuwa shetani tangu mwanzo? Mwishoni, pangoni, mzee anamwambia shemasi kijana aliyemfuata huko kwamba amekuja akiwa ameshaamua yeye ni shetani, kwa hiyo lolote atakalosema halitabadilisha kitu. Kisha anarudia maneno ya Luka 24 yaliyofungua filamu, maneno ya Yesu kuwaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, huku viganja vyake vina matundu. Wapo wanaosema shaka ya kijana ndiyo iliyomgeuza. Mimi sikubaliani nao. Picha za wafu na vitu vyao havikujipeleka chumbani kwake. Alikuwa mbaya tangu mwanzo. Lakini wale wanaume walimfukuzia jabalini kabla hawajajua hilo kwa uhakika, na ubaya wake hauwasafishi. Jun Kunimura, aliyemcheza, ni mwigizaji wa Japani, na mwaka huohuo alichukua tuzo ya mwigizaji msaidizi bora kwenye tuzo za Blue Dragon za Korea, mgeni wa kwanza kushinda huko. Haikuwa kwa kutoa meno. Ni kwa sababu kwa saa mbili na nusu uso wake haukuwahi kutusaidia kuamua.

Kwa nini Mjapani, na si mtu mwingine yeyote? Hapo lazima turudi nyuma. Majeshi ya Japani yaliivamia Korea mwaka 1592 na vita vikaendelea hadi 1598. Kuanzia 1910 hadi 1945 Korea ilikuwa koloni la Japani. Hata baada ya uhuru, filamu na muziki wa Kijapani vilizuiwa Korea Kusini hadi serikali ilipoanza kulegeza mwaka 1998. Mtu mwenye umri wa Jong-goo amekua katika nchi ambayo muvi ya Kijapani ilikuwa bidhaa ya magendo.

Lakini kumwekea mgeni mpaka ni jambo la zamani kuliko ukoloni. Vijiji vya Korea vilisimamisha mlangoni nguzo za mbao zenye nyuso za kutisha, meno nje, kuzuia maradhi na mashetani yasiingie. Nyumba iliyopata mtoto ilitundikwa kamba ya majani ya mpunga getini kwa siku 21, yenye pilipili nyekundu kama ni wa kiume, makaa na matawi ya msonobari kama ni wa kike. Asiye wa nyumba hiyo hapiti. Mkumbuke ule mmea uliotundikwa kwenye geti la Jong-goo usiku wa mwisho, na mwanamke anamwambia asiingie hadi jogoo awike mara tatu. Anaingia kabla, na mmea unanyauka. Mtazamaji wa Korea aliyewahi kusikia habari za kamba ile kwa bibi yake haelezwi mara mbili.

Na iko habari moja ambayo sisi wa pwani tutaielewa haraka kuliko Wazungu. Mwaka 1888 uvumi ulienea Seoul kwamba wageni, hasa wamisionari, wanaiba watoto na kuwafanya dawa, wengine wakadai hata kamera zao zinahusika. Hali ilichafuka hadi wanamaji wa Marekani wakapelekwa mjini kuwalinda raia wao. Kwetu tuna mumiani. Ukimwona mzee wa The Wailing na chumba chake kilichojaa picha za watu waliokufa, unaona hofu ileile ikiwa na kamera mkononi.

The Host ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2006, inamleta mgeni mwingine, Mmarekani mwenye kambi. Mwanzo wake ni darasa la jinsi ya kusema jambo zito kwa dakika tatu. Chumba cha maiti katika kambi ya jeshi, chupa za fomalini, kemikali ya kuhifadhia maiti, zimeshika vumbi. Bosi wa Kimarekani anachukia vumbi, anaamuru zimwagwe kwenye sinki. Msaidizi wake Mkorea anasema ni sumu, zitafika mto Han. Bosi anamjibu kwamba mto Han ni mpana, nasi tuwe na roho pana. Kisha kamera inasogea taratibu kupita safu ya chupa tupu, nyingi mno, na msaidizi anaendelea kumimina. Tukio hilo limetokana na kisa cha kweli cha mwaka 2000 katika kambi ya Yongsan, Seoul. Wengi wakiizungumzia The Host wanamtaja aliyeamuru. Bong ametuacha na mikono ya aliyemimina. Na baadaye, dubwana lililotokana na sumu ile likishatoka mtoni, familia maskini ya kibanda cha vitafunio haipambani na dubwana tu, inakimbizwa na polisi wa kwao, madaktari wa kwao, na rafiki wa zamani anayetaka donge la zawadi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Exhuma ya Jang Jae-hyun, ya mwaka 2024, iliyouza tiketi karibu milioni 12 katika nchi ya watu kama milioni 51. Familia tajiri ya Wakorea wa Los Angeles ina kichanga kinacholia bila kukoma. Mganga kijana Hwa-rim anagundua babu yao aliyezikwa Korea hana raha kaburini, anawaita mtaalamu wa ardhi ya makaburi, mzee anayechezwa na Choi Min-sik, na mzishi. Wanafukua. Babu alikuwa mtumishi mkubwa wa Wajapani, ndio chanzo cha utajiri wote ule, na mzuka wake ukiachiwa unawaendea wajukuu wake mwenyewe. Halafu, filamu ikiwa imefika nusu, wanakuta chini ya jeneza la babu lipo jeneza jingine, refu, limesimamishwa wima. Ndani yake kuna samurai. Babu alikuwa kifuniko tu.

Kwa mchoro huo peke yake, Mkorea mlafi juu na mvamizi wa Japani chini yake, Jang Jae-hyun amesema yote ninayojaribu kukueleza. Nyuma yake kuna imani kwamba Wajapani walipigilia vyuma kwenye milima ya Korea kukata uhai wa nchi. Mwaka 1995, chini ya Rais Kim Young-sam, kulikuwa na kampeni ya kuving'oa, ingawa wanahistoria wengi wanasema vingi vilikuwa vigingi vya wapima ardhi tu. Suala la mababu waliotumikia ukoloni nalo si la makaburini: mwaka 2005 Korea Kusini ilitunga sheria ya kutaifisha mali walizopata kwa kazi hiyo, wajukuu wakaenda mahakamani kuzigombania.

Hata hivyo nusu ya pili ya Exhuma inanikatisha tamaa kidogo. Samurai akishatoka, yule babu na pesa zake wanasahaulika, na inabaki vita ya mashujaa wetu na jini la kigeni. Ukumbi unapiga makofi. Wahusika wamepewa majina ya wapigania uhuru, namba za magari zimebeba tarehe za ukombozi. Watu wakazitafuta kama peremende zilizofichwa. Ni raha, lakini raha ya namna hiyo ndiyo inayomtia mama yako wasiwasi. The Wailing haikumpigia mtu makofi.

Msidhani pia kwamba mgeni ni lazima atoke ng'ambo. Katika Hide and Seek ya Huh Jung, ya 2013, hofu ni ya mtu wa mtaa mwingine. Tajiri mmoja anamtafuta kaka yake kwenye jengo chakavu linalosubiri kubomolewa, anaona alama ndogo zimechorwa kando ya kila kengele ya mlango: mraba, duara, pembetatu, zikihesabu wanaume, wanawake na watoto waliomo. Mtu anachagua nyumba ya kuhamia. Train to Busan, ambayo nadhani mmeiona kabla ya hii, ina tukio ninalolionyesha kila nikifundisha: kundi la manusura limepigana kupita mabehewa ya mazombi, linafika behewa salama, na abiria wamefunga mlango kwa ndani. Mfanyabiashara anapaza sauti kwamba hao wameshaambukizwa, na wenzake wanamtii. Bibi kizee mmoja anamwona dada yake nje ya kioo, ameshageuka zombi. Anawatazama wale waliofunga mlango, kisha anaufungua ule wa upande wa mazombi. Na shujaa mwenyewe, msimamizi wa fedha za watu, anagundua njiani kwamba kampuni ambako balaa lilianzia iliokolewa na ofisi yake. Kikulacho ki nguoni mwako, hata ukiwa umevaa suti.

Sasa mama. Chuki ya wageni ipo Korea Kusini, si ya kwenye sinema tu, na sitamdanganya. Mwaka 2018 Wayemeni zaidi ya 500 waliokimbia vita waliomba hifadhi kisiwa cha Jeju. Ombi la kuwapinga kwenye tovuti ya ikulu likapata saini zaidi ya 700,000. Waliopewa hadhi kamili ya ukimbizi walikuwa wawili; mia nne na kitu wakapewa kibali cha kibinadamu. Sheria pana ya kuzuia ubaguzi imekuwa ikipelekwa bungeni tangu 2007 na haipiti. Na sinema imechangia: kwa miaka mingi Wakorea waliozaliwa China, wanaokuja kufanya kazi za ujenzi na migahawani, walichorwa kama wauaji wa shoka. Filamu ya vichekesho na mapigano Midnight Runners, ya 2017, iliwaudhi wakazi wa Daerim, mtaa wa Seoul wenye Wakorea wengi kutoka China, hadi wakashtaki, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikapendekeza watengenezaji waombe radhi. Ukiniuliza filamu gani zinafundisha kuchukia wageni, nitakutajia za majambazi kabla ya za mapepo. Filamu ya pepo angalau huwa inajua kwamba inazungumzia hofu.

Pamoja na hayo, wageni zaidi ya milioni 2.5 wanaishi huko, na Busan ni mji wa bandari uliozoea watu wa kuja. Mdogo wako atakodolewa macho kwenye basi, wazee watamuuliza umri kabla ya jina, huenda baa fulani ikamwambia haiingizi wageni. Aanze Kikorea mapema, hata kabla ya safari, na afahamiane na Watanzania waliotangulia huko. Hakuna atakayemdhania shetani.

Mkitaka kuendelea kuangalia, msianze na Exhuma. Tafuteni R-Point ya Kong Su-chang, ya mwaka 2004. Ni Vietnam, 1972, na kikosi kidogo cha wanajeshi wa Korea kinatumwa kutafuta wenzao waliopotea lakini sauti zao bado zinaita kwenye redio. Njiani wanakuta jiwe lenye maandishi: mwenye damu mikononi harudi. Hapo watu wa kuja ni Wakorea wenyewe, wenye silaha, kwenye ardhi ya watu, na wafu wa nchi ile wanawajua. Kati ya 1964 na 1973 Korea Kusini ilipeleka Vietnam wanajeshi zaidi ya 300,000, jambo ambalo sinema ya nyumbani haikupenda kuligusa kwa namna hii. Mahakama zilikuja kulifikia baadaye sana: Februari 2023 mahakama ya Seoul iliamuru serikali imlipe fidia mwanamke wa Kivietnamu aliyenusurika mauaji ya kijiji cha Phong Nhi ya 1968. Serikali ikakata rufaa, na Januari 2025 ikashindwa tena.